Nyuzi Nilizozifungua

Kosa langu la kwanza katika ufundi halikuwa la kukata wala la kushona. Nilifungua alama za watu.

Mwanamke wa Kariakoo akipeleka kanga ya sare kwa fundi, haitoi hivi hivi. Hufunga alama yake pembeni: uzi mwekundu, ushanga, kifungo cha shati, hata njiti ya kiberiti iliyoviringishiwa kitambaa. Kanga za sare zinafanana zote, lakini kila mmoja anaamini yake ndiyo iliyokolea rangi, na anataka arudishiwe ile ile aliyoitoa. Mimi nililetewa kanga za nyumba ishirini na kitu, nikazifungua alama zote, moja baada ya nyingine, kwa sababu zilikuwa zinaacha mikunjo. Nikazipiga pasi. Nikazipanga sandukuni ukingo kwa ukingo mpaka zikawa kama matofali. Kisha nikasimama nikazitazama, nikafurahi.

Nieleze mimi ni mtu wa namna gani, maana bila hilo jambo lenyewe halieleweki. Ushonaji hakunifundisha mtu. Nilishuka kutoka Kilimanjaro kuja kumsaidia mjomba dukani. Rafu za mjomba zikabaki tupu kama za wenzake wengi wakati ule, akarudi nyumbani kwenye kahawa yake, akaniachia cherehani lililokuwa stoo. Nilijifunza kwa kufumua. Nilinunua mashati makuukuu, nikayafumua mshono kwa mshono nijue aliyeyashona alianzia wapi, kisha nikayarudishia. Mtu aliyejifunza hivyo ana woga wake. Hajui kama anachokijua kinatosha, kwa hiyo anashona kila kitu kana kwamba kuna mkaguzi amesimama mgongoni. Nimewahi kufumua mshono ulionyooka kwa sababu tu haukunyooka kama nilivyouona kichwani.

Nilipanga chumba cha mbele katika nyumba ya bibi mmoja mjane, mwenyeji wa hapa tangu kwa babu zake, mtaa wa pili kutoka sokoni. Cherehani nililiweka barazani. Hatukuwa ndugu wala watu wa dini moja, lakini kila asubuhi nilimwamkia, "Shikamoo, Bibi," akaitikia, "Marahaba, mwanangu," kisha akaniletea chai hata siku ambayo haikuwa na sukari. Siku hizo zilikuwa nyingi.

Mjukuu wake alikuwa anaolewa, na majirani wakakubaliana wavae sare. Wakati ule kanga haikuwa kitu cha kwenda kuchagua. Iliposhuka kwenye duka la ushirika la mtaa ilishuka ya aina moja, ya zambarau yenye pindo la njano, na kila kaya ilipata doti moja kwa kadi yake. Wanawake walipanga foleni tangu alfajiri. Aliyechoka aliweka jiwe limshikie nafasi akaenda kunyonyesha. Kila doti iliyotoka pale ilitoka kwa haki, mbele ya macho ya mtaa mzima.

Kama ningeziacha ziende mwendo wake wa kawaida, kila mwanamke angeniletea doti yake siku aliyopata nafasi, ningeikata vipande viwili, ningeipinda, angeondoka nayo. Mimi nikasema hapana. Nilitaka zote zije pamoja, zipindwe kwa uzi mmoja wa zambarau, kwa upana mmoja, ili siku ya harusi wanawake wakisimama mstari mmoja pasionekane tofauti hata ya unywele. Uzi wa zambarau haukuwapo mjini. Nikasema tutausubiri.

Jirani yetu muuza vitumbua, aliyekaanga upande wa pili wa njia, hakuelewa.

"Fundi, uzi mweupe si unao?"

"Ninao, lakini utaonekana."

"Utaonekana na nani? Watu wanakuja kumtazama bibi harusi, wewe unataka wainame kutazama miguu yangu?"

"Nitauona mimi."

"Ole wake atakayeolewa na wewe," akasema. "Chapati zake utazipima kwa rula."

Wanawake wakacheka, lakini kanga wakazileta. Chumba changu kilikuwa kinavuja, ndipo Bibi akatoa sanduku lake la mvule lililokaa chini ya kitanda chake. Aliniona nikifungua zile alama. Akaniuliza nitajuaje ipi ya nani. Nikamwambia kanga ni zile zile, Bibi, hakuna atakayepunjwa. Akatikisa kichwa, akafunga sanduku, na ufunguo akaufunga kwenye pembe ya kanga yake kiunoni, mahali alipoweka kila kitu chenye thamani.

Uzi niliupata baada ya kuhangaika sana. Mtu mmoja nyuma ya soko aliutoa ndani ya shati lake, rola kubwa, rangi yenyewe hasa. Sikumwuliza umetoka wapi. Niliunusa, nikaujaribu nguvu kwa meno, nikalipa, nikaondoka nikitembea haraka kama mtu aliyeokota. Risiti haikunijia akilini. Mtu anayekuuzia kitu kutoka kifuani mwake hana kitabu cha risiti.

Wiki hiyo hiyo redio ilitangaza vita dhidi ya wahujumu uchumi. Walanguzi wote, wote waliorundika bidhaa majumbani huku wananchi wakipanga foleni, wangesakwa nyumba kwa nyumba. Nilikuwa barazani. Nilipiga makofi, na sioni haya kusema kwamba nilipiga makofi kwa moyo wote. Nilimfikiria mlanguzi kama mtu wa aina yake: tumbo kubwa, ghala lenye kufuli, gari. Nikamwambia muuza vitumbua, "Waache wakamatwe. Wametutesa vya kutosha."

Alikuwa anageuza vitumbua kwa kijiti.

"Na mimi na sukari yangu ya vitumbua," akasema baadaye, "wataniweka fungu gani?"

Nikamwambia sukari yake si ulanguzi. Akaniuliza nani kaniambia. Kusoma kwangu kote kulikuwa kwa magazeti yaliyofungiwa bidhaa, na magazeti yalisema walanguzi, hayakusema ulanguzi unaanzia kilo ya ngapi.

Siku mbili tatu zilizofuata mtaa ulibadilika. Harufu ya sabuni zilizotupwa usiku ilitoka vyooni. Watu waliopita bonde la Jangwani walisema wameona majora ya vitambaa yametupwa kwenye tope, na hakuna aliyethubutu kuokota hata kitambaa cha kupangusia mikono. Wenye maduka walisimama milangoni wakitazama kila gari linalokata kona. Na mimi nikaanza kutazama vitu vyangu kwa jicho jipya. Leseni ya kushona sikuwa nayo. Sikujua kama fundi wa barazani anahitaji leseni. Uzi sikuwa na risiti yake. Pasi niliazima kwa mtu ambaye sikujua aliipata wapi. Nilitaka kukata kanga ili nizimalize, lakini nikaogopa mkasi utaenda upande, nikaacha. Nikajiambia sitazikata nikiwa katika hali ile, nitaziharibu. Basi zikaendelea kulala sandukuni, hazijakatwa, hazina alama.

Ndipo balozi wa nyumba kumi akaja asubuhi, akasimama barazani bila kuketi. Alikuwa mtu mzima, mpole, ambaye siku nyingine hakuweza kupita bila kuomba kahawa.

"Bibi, wapo mtaa wa pili," alisema. "Kabla ya adhuhuri watakuwa hapa."

"Waje. Mimi nina nini?"

"Una kanga."

Bibi akacheka. "Kanga za harusi, balozi. Ya mkeo imo."

"Najua imo. Ndiyo maana nimekuja." Akashusha sauti. "Hawaulizi za nini. Wanauliza zimekutwa wapi na ufunguo nani anao. Jana wamemchukua mzee mmoja kwa sabuni za msiba. Za msiba, Bibi. Watu wamechanga waoshee vyombo vya matanga."

Nikasema tuzigawe basi, kila mtu apelekewe yake. Balozi akanionyesha kona kwa kidevu. Mgambo wawili walikuwa wamesimama pale tayari, na mwanamke aliyepita na furushi la nguo za kufua alikuwa analifungua chini wazitazame.

"Tuzitupe," nikasema.

Bibi alinigeukia. Sijawahi kumwona akinitazama vile, kabla wala baada.

"Nitupe amana ya watu? Nimeambiwa niwatunzie, nitupe chooni? Wakija wenyewe nitawaambia nini, mwanangu?"

"Bibi, watakuchukua wewe. Sanduku lako, ufunguo wako."

"Basi wanichukue wakinikuta nazo."

Akaketi kwenye mkeka wake pale barazani, akaendelea kuchambua mchele. Balozi akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayeomba, kama ningeweza walau kumtolea ile ya mkewe aivae ndani ya gauni. Nikamwambia sijui ipi ni ya mkewe. Nilikuwa naweza kumpa yoyote, zilikuwa zinafanana, lakini ulimi ulisema sijui. Akaondoka akatembea karibu na ukuta.

Nilikaa kwenye cherehani nikazungusha gurudumu bila kitambaa. Nilijua kama Bibi atachukuliwa, atachukuliwa kwa ajili ya uzi wa zambarau. Kwa uzi mweupe kanga zile zingekuwa zimeshakatwa, zimeshapindwa, zinavaliwa jikoni na kubebea watoto, na hakuna askari duniani anayemkamata mwanamke kwa kanga aliyoivaa.

Walikuja watatu: mgambo wawili, na afande wa polisi aliyevaa kaki iliyopigwa pasi vizuri. Niliiona hiyo pasi. Hata katika hali ile niliiona. Watu walikuwa wamejikusanya njiani kwa mbali, kama wanaotazama ajali. Balozi alikuwa nyuma ya afande, maana kazi yake ilimtaka awepo.

"Hodi hapa."

"Karibuni," alisema Bibi, akajitanda vizuri.

Walitazama chumba changu, hakikuwa na kitu. Walitazama jikoni. Kisha nikasikia sanduku likivutwa sakafuni, na mgambo wakalileta mpaka barazani kwenye mwanga.

"La nani hili?" aliuliza afande.

"Langu."

"Fungua, Bibi."

Alifungua fundo la kanga yake, akatoa ufunguo. Kifuniko kilipoinuka, zile kanga zilikuwa pale jinsi nilivyozipanga, ukingo kwa ukingo, na kwa mara ya kwanza niliziona kama anavyoziona mtu mwingine. Zilikuwa kama bidhaa zilizotoka kiwandani leo. Mpangilio ule ule ulionifurahisha ndio uliozihukumu.

"Za nani?"

"Za watu. Tuna harusi."

"Kila mmoja ananiambia za watu." Afande alichuchumaa, akapitisha kidole gumba kwenye kingo. "Mpya, aina moja, hazijakatwa. Bibi, mlanguzi naye angeweka hivi hivi."

"Mimi si mlanguzi, mwanangu."

"Sijasema." Akainua doti ya juu, akatazama pembe. Akainua ya pili, ya tatu. Alikuwa anatafuta kitu, na mimi nilijua anachotafuta kabla hajasema. "Mama yangu ni wa Tanga. Akipeleka kanga ya sare kwa fundi hufunga uzi pembeni. Wenzake wote hufunga chao. Hapa sioni hata alama moja. Ni watu gani hao wanaotoa kanga bila alama?"

"Alama zilikuwapo," alisema Bibi.

"Ziko wapi?"

Bibi hakunitazama. Nataka lieleweke hilo. Alijua, aliniona kwa macho yake nikizifungua, na kichwa chake hakikugeuka upande wangu hata kidogo. Afande akangoja, kisha akasimama.

"Vaa viatu, Bibi. Utaeleza kituoni."

Mgambo mmoja akamsogezea ndara zake kwa mguu. Ile ndara ya kushoto ilikuwa imekatika kanda, nilikuwa nimemwahidi kuishona tangu mwezi uliopita.

"Nilizifungua mimi," nikasema.

Sauti ilitoka ndogo. Ikabidi nirudie. Afande akanigeukia kama aliyekuwa hajaniona.

"Wewe nani?"

"Fundi."

"Ulizifungua kwa nini?"

"Zilikuwa zinaacha mikunjo, afande."

Mgambo mmoja alicheka kwa pua. Afande hakucheka. Alinitazama kwa muda, akalitazama sanduku, ukingo kwa ukingo, na nadhani alikuwa karibu kuniamini, kwa sababu mtu hatungi uongo wa kijinga kiasi kile.

"Na hizo alama ulizitupa?"

Sikuwa nimezitupa. Situpi kitu kinachoweza kufunga kitu kingine. Zilikuwa ndani ya kopo la rangi ya viatu kwenye mtoto wa meza ya cherehani. Nikalitoa. Afande akalifungua, akavuruga kwa kidole: nyuzi, shanga, vifungo, njiti, kipande cha utepe.

"Takataka hizi mtu yeyote anaweza kuokota," alisema. Akalifunika kopo kwa kiganja, akawageukia watu waliosimama njiani. "Haya. Nani ana kanga yake humu?"

Hakuna aliyesogea.

Niliwaona wanawake waliokuwa wamenicheka kwa ajili ya uzi. Wote walikuwa wanatazama chini. Siwalaumu. Kusema yangu imo kulikuwa sawa na kuingia sandukuni. Na kila mmoja alikuwa na lake nyumbani: dumu la mafuta ya taa, debe la unga kutoka kwa shemeji, dawa ya mswaki ya kutosha zaidi ya mwezi. Nani angejua lipi kati ya hayo ni kosa? Balozi alikuwa anatazama vidole vyake vya miguu.

Bibi akavaa ndara ya kulia. Ile ya kushoto akaishika mkononi.

"Yangu imo," alisema mtu.

Alikuwa muuza vitumbua. Alivuka njia akiwa bado ameshika kijiti chake, mikono inang'aa mafuta.

"Ulifunga nini?" afande akamwuliza.

"Kifungo."

"Vifungo vimo vingi. Cha namna gani?"

"Cha shati la kazi la mume wangu. Kina matundu mawili, si manne. Kimemenyeka ubavuni, alikanyaga."

Afande akapekua. Akakitoa, akakigeuza. Kilikuwa kimemenyeka. Akampa, akachukua doti ya juu, akampa pia.

"Si hii," alisema muuza vitumbua. "Yangu ilikuwa imekolea."

"Mama, chukua hiyo."

Akaichukua. Watu wakacheka kidogo, kile kicheko cha kutoa pumzi, na hapo mwingine akavuka. Ushanga wa kijani. Mwingine, uzi mwekundu uliosukwa mara tatu. Afande alikuwa anauliza kila mmoja swali la ziada, na walikuwa wanajibu, kwa sababu mwanamke huijua alama yake. Balozi akakohoa.

"Ya mke wangu imo, afande."

"Alifunga nini?"

"Sijui alifunga nini."

Safari hii hata mgambo walicheka. Mkewe akaitwa, akasema njiti ya kiberiti, iliyotumika nusu, na ndivyo ilivyokuwa.

Hawakuja wote. Kwenye kopo zilibaki alama sita au saba, na sandukuni zikabaki kanga za idadi hiyo hiyo. Afande alingoja, akauliza mara mbili. Kisha akawaambia mgambo wazichukue hizo, na akamwambia Bibi avue ndara, aketi, aendelee na mchele wake. Aliposhuka barazani alipita karibu na cherehani. Akaigusa ile rola ya zambarau kwa ncha ya kidole.

"Uzi mzuri huu. Siku hizi hauonekani."

"Ndiyo, afande."

Aliondoka. Nilibaki nimesimama, shati limenata mgongoni. Kanga alizozisaka asubuhi nzima hazikuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa limetiwa kwenye cherehani, amelisifia.

Bibi hakunigombeza. Aliniambia kitu kimoja tu, jioni, aliponiletea chai kavu: "Siku nyingine, mwanangu, cha mtu kiache na alama yake." Kanga zilizobaki kwa wenyewe nilizipinda kesho yake, haraka, kwa uzi mweupe. Rola ya zambarau sikuthubutu kuitumia, na hata leo imo mvunguni. Harusini niliwaona wanawake sita au saba wamesimama nyuma na kanga zao za zamani. Mmoja wao bado haitikii salamu yangu. Ana haki yake. Aliogopa kuvuka njia, lakini aliyemfikisha kwenye kuogopa ni mimi.

Siku hizi sifungui alama ya mtu mpaka mwenyewe awe amesimama mbele yangu. Kanga iliyoletwa asubuhi inaondoka jioni, kwa uzi wowote uliopo. Leseni ninayo, nimeibandika ukutani. Na redio ikitangaza kwamba wamekamatwa wahalifu, sipigi makofi. Nauliza kwanza wamekutwa na nini.